Mapambo tu

Tangu Jumamosi nina maneno mawili yamenikwama kooni, tena niliyasema mwenyewe.

Bibi jirani (yule wa kuku, mnamjua) alipita asubuhi ya maandamano yetu, akanikuta naifunga bendera yetu ya upinde wa mvua, ile ya wapenzi wa jinsia moja, kwenye mpini wa fagio.

"Hii ya nchi gani, mwanangu?"

"Mapambo tu, bibi."

"Haya. Na mwenzio hajambo?"

"Hajambo."

Akaenda zake.

Maandamano yalifana, watu 26, lugha 9, njia moja ya vumbi kwenda na kurudi, hakuna aliyeturushia hata tusi. Alhamisi nikaongezewa mkataba, na kaka kapata mtoto. Nitasimulia siku nyingine. Mimi bado niko kwenye fagio.

Mapambo! Wiki tatu tumeihangaikia. Huku mwisho wa njia, gari la mizigo lisipoleta kitambaa, ndiyo basi tena. Rangi tano tulizipata, zambarau tukaikata kwenye pazia la chumbani. Nikajifariji kwamba hata ile ya kwanza, ya Gilbert Baker na wenzake, San Francisco, 1978, ilikuwa na rangi nane. Pinki ikaondolewa kwa sababu kitambaa chake kilikuwa adimu, na feruzi ikafuata. Yote hayo ninayo kichwani, ningeweza kumkalisha bibi mpaka adhuhuri. Nikasema mapambo.

Na si hilo tu. Miaka minne bibi ananiuliza, "Shoga yako hajambo?" Shoga kwa maana ya wanawake wa rika lake, rafiki wa kupiga naye umbea, siyo ile nyingine ambayo wenzetu wamepigwa nayo kama jiwe. Tulikuwa tukishafunga mlango tunacheka mpaka machozi. Jumamosi alisema "mwenzio". Sikulisikia hadi usiku, taa imezimwa. Mwenzio! Bibi wa watu kanisogezea kiti, mimi nikamjibu kama karani wa dirishani.

Nikamwamsha mwenzangu, nikamwambia. Kimya. Nikadhani analia, kumbe anacheka hadi kitanda kinatikisika.

"Unadhani nani kapinda ile zambarau? Jumanne sindano ya cherehani ilinikatikia, wewe uko kazini. Kaimaliza kwa mkono, huku ananiuliza kila rangi ina maana gani. Nikamwambia zambarau ni roho. Akasema, basi hapa tushone mara mbili."

Kulipokucha nilitoka kwenda kuuangalia upindo. Kweli: uzi mweusi, mishono midogo iliyobanana, safu mbili. Kitu alichokishona kwa vidole vyake, halafu anakuja kuniuliza ni cha nchi gani! Nimecheka peke yangu pale uani kama mwendawazimu. Kisha aibu ikarudi upya, maana sasa sijui alitaka nimjibu nini.

Leo jioni nimemwona anaingiza kuku bandani. Nikamwendea, nimejipanga, nina sentensi ya kwanza tayari. Akaniwahi.

"Mapambo yako yanaloa, mwanangu."

Mvua ilikuwa imeanza. Nikakimbilia bendera, sentensi ikabaki mdomoni.

Na mvua yenyewe haijakatika. Paa la jikoni linavuja palepale tulipoziba mwezi uliopita, sufuria ya pili inakaribia kujaa, na fundi hapokei simu.