Zile karatasi mbili

Mtoto wa wifi yangu, wa Mkoani, Pemba, amefanyiwa upasuaji wa kichwa maji huku Unguja. Amewekewa mrija mwembamba unaotoa maji yaliyozidi kichwani na kuyapeleka tumboni, mwili uyafyonze. Alhamdulillah anaendelea vizuri.

Kilichonigusa zaidi ni zile karatasi. Ya kwanza ridhaa ya upasuaji, ya pili ridhaa ya utafiti: madaktari wanataka kujua watoto hawa wanaendeleaje baada ya kurudi nyumbani. Wifi alikuwa tayari kutia saini zote mbili bila kuuliza, akidhani akikataa ya pili mtoto hatopasuliwa. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, akakaa naye: “Mama, hii ya utafiti ni hiari. Ukikataa, mwanao atatibiwa vile vile. Na ukikubali leo, kesho waweza kujitoa.” Haki ya kujitoa imo katika Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, tangu 1964, lakini mama aliyekesha na mtoto anayelia ataijuaje asipoelezwa kwa Kiswahili chepesi?

Akauliza yake, akakubali.

Sasa liko suala la boti. Mrija huweza kuziba au kuingia vijidudu, kwa hiyo kurudi kliniki ni lazima. Wa Mjini hupanda daladala. Wa Pemba anataka nauli ya bahari na pa kulala. Utafiti ukiwakosa walioshindwa kurudi, matokeo yanaweza kuonekana mazuri kuliko yalivyo. Watafiti wetu, nawaomba sana, nauli ya mama wa Pemba iwemo kwenye bajeti zenu.