Nilivyowatetea Wafanyakazi kwa Hesabu za Kodi na Mishahara

Nikiwa mhasibu wa kiwanda kidogo cha ushonaji chenye wafanyakazi 40, niliagizwa na uongozi kuandaa orodha ya watu 8 wa kupunguzwa, kwa maelezo kwamba kodi ya kampuni imekuwa mzigo usiobebeka. Agizo hilo liliniondolea usingizi, kwa kuwa majina hayo niliyaandika kila mwezi kwenye orodha ya malipo. Hata hivyo nilijua kwamba huruma peke yake isingemshawishi mkurugenzi, hivyo nikarudi kwenye vitabu vya hesabu.

Nilibaini kwamba mwaka ule tulikuwa tunaelekea kwenye hasara. Kodi ya mapato ya kampuni kwa kawaida hutozwa kwenye faida, yaani kile kinachobaki baada ya kuondoa matumizi yanayokubalika kisheria, na mishahara ni mojawapo ya matumizi hayo. Kodi iliyokuwa ikitubana ilikuwa ni ile inayolipwa kwa awamu kwa kufuata makadirio, nasi tulikuwa tumekadiria kwa kutazama faida ya mwaka uliotangulia. Niliwasilisha makadirio mapya pamoja na vielelezo vya mauzo yaliyoshuka. Yalipokubaliwa, fedha za awamu mbili zilizosalia zikabaki kiwandani.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa gharama za ajira zenyewe, kwa sababu michango ya mwajiri, kama ile ya hifadhi ya jamii, hukokotolewa kwenye mshahara ghafi, yaani mshahara kabla ya makato, na hulipwa pawe na faida au pasiwe nayo. Nilichukua hati ya mshahara ya fundi mmoja wa cherehani nikaichambua mstari kwa mstari: kwa kila 100 za mshahara wake ghafi, kampuni ilitoa 112 pamoja na michango hiyo, naye alipokea mkononi 79 baada ya makato. Mkurugenzi alikuwa akiiona 112, fundi akiiona 79, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye anayefaidika. Naamini migogoro mingi ya mishahara huanzia kwenye pengo hilo la 33, ambalo hakuna anayelieleza.

Kisha nikalinganisha akiba ya kupunguza watu na malipo ya kuwaachisha kazi, pamoja na gharama ya kuwafundisha wapya msimu wa oda utakaporudi. Gharama hizo zingemeza akiba yote ya miezi 7. Tulikubaliana kusimamisha kazi za muda wa ziada na kugawana siku za kazi, baada ya wafanyakazi kushauriwa na kuridhia. Wawili ambao mikataba yao iliisha hatukuweza kuwabakiza, na jambo hilo bado linaniuma.

Kampuni kubwa za kimataifa huweza kuhamishia faida kwenye nchi zenye kodi ndogo, ndiyo maana mwaka 2021 zaidi ya nchi 130 ziliafikiana juu ya kiwango cha chini cha asilimia 15 kwa kampuni za aina hiyo. Kiwanda kama chetu hakina pa kuhamia, na fundi wa cherehani hana kabisa, kwa hiyo mzigo ukizidi humwangukia yeye kwa nyongeza iliyoahirishwa au ajira iliyofutwa.

Tangu mwezi uliofuata, hati zetu za mshahara huonyesha pia mchango wa mwajiri. Siku ya kwanza fundi yule aliisoma yake mara mbili, akaja ofisini kwangu kuuliza mchango huo unatunzwa wapi na ataupata lini.