Video inaposimama: fikra za mwalimu mtarajiwa

Wakufunzi wetu chuoni hapa Mtwara wanasisitiza sana zana za kufundishia na kujifunzia, na tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024 msisitizo huo umeegemea zaidi kwenye TEHAMA: kompyuta mpakato, projekta, vishikwambi, video na sauti zilizorekodiwa. Sina ugomvi na msisitizo huo. Ninachotaka kukieleza, baada ya kumaliza awamu ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha katika shule ya sekondari ya serikali mkoani Lindi, ni kwamba tunaelekezwa vizuri namna ya kuwasha vifaa hivi, lakini hatuelekezwi vya kutosha mahali pa kuvisimamisha; na kwa niliyoyaona darasani, wanafunzi hujifunza zaidi picha inaposimama kuliko inapokwenda.

Karibu kila mwanachuo wa ualimu ana daftari lenye mchoro wa koni ya Edgar Dale, mtaalamu wa Marekani aliyeichapisha mwaka 1946 ili kupanga aina za uzoefu wa mwanafunzi, kuanzia chini kwenye kutenda jambo lenyewe, kupitia maonyesho, filamu, redio na picha, hadi kileleni kwenye maneno matupu. Katika madaftari mengi kila ngazi ya koni hiyo imeandikiwa asilimia, kwamba mwanafunzi hukumbuka asilimia 10 ya alichosoma, 20 ya alichosikia, na kuendelea hadi 90 ya alichotenda. Dale mwenyewe hakuandika asilimia hata moja. Ziliongezwa na watu wengine baadaye, bila utafiti wa kuzibeba. Jambo hili si dogo kwa mwalimu mtarajiwa, kwa sababu akishaamini kwamba video ina asilimia zake na chaki ina zake, ataona kazi yake imekwisha pale projekta inapowaka.

Shule niliyopangiwa ina projekta moja, inayokaa kabatini kwa makamu mkuu wa shule na kutolewa kwa kusaini daftari. Madarasa yake yamejengwa kwa ajili ya upepo, si kwa ajili ya giza: madirisha ni mapana, yana nondo bila vioo, na jua la saa nne asubuhi linafika hadi ubaoni. Ili picha ionekane, wasichana wa bweni walileta kanga zao tukazifunga kwenye nondo, tukatundika shuka jeupe ukutani, na darasa zima likatazama huku jasho likitutiririka. Kufunga kanga, kuunganisha nyaya na kutafuta soketi inayofanya kazi hula sehemu kubwa ya kipindi cha dakika 40, kwa hiyo projekta haifai isipokuwa kwenye vipindi viwili vinavyofuatana. Umeme nao una tabia zake. Itoshe kusema kwamba kila andalio la somo lenye projekta linahitaji andalio la pili lisilo na projekta, na mwalimu mlezi wangu, mzee aliyekaa kazini miaka mingi, alinikumbusha hilo mara kwa mara: “Mwanangu, chaki haina mgao.”

Gharama hiyo yote ya muda na jasho ndiyo iliyonifanya nijiulize, kabla ya kutia saini kwenye daftari la makamu, ni kitu gani hasa ambacho wanafunzi hawa hawawezi kukiona bila mashine. Katika somo la Jiografia nilipangiwa kufundisha kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Wanafunzi wengi pale ni watoto wa wavuvi na wa akina mama wanaochokoa pweza. Wanajua bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa sana, inaanza lini, wanajua kwamba siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala kupwa sana, hakuna sababu ya kubeba mkuki kwenda mwambani, na baadhi yao hukosa shule kwa sababu ya ujuzi huo huo. Kuwaonyesha video ya ufukwe ambao maji yanatoka na kurudi kungekuwa kuchoma umeme bure, maana ufukwe wenyewe uko mwisho wa barabara. Kisichoonekana kutoka ufukweni ni sababu: kwamba wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu, jua, dunia na mwezi hujipanga karibu kwenye mstari mmoja, mvutano wa jua ukaungana na ule wa mwezi, maji yakajaa sana na kupwa sana; na kwamba takriban wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pembe mraba, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ikapungua. Hilo linahitaji mtu kuiangalia dunia akiwa nje ya dunia, na hapo video ina haki yake kamili.

Kabla ya kuiwasha niliuliza swali moja tu: bamvua ijayo ni lini? Kijana mmoja alihesabu kwa vidole kuanzia siku aliyouona mwezi, akataja siku. Mwenzake akampinga kwa tofauti ya siku moja. Nikaandika majibu yote mawili ubaoni na kuyaacha. Video ilikuwa fupi, ya dakika chache, nayo niliisimamisha mwezi ulipokuwa umefika ubavuni mwa dunia, nusu yake ikiwa na mwanga. Nikawauliza kama siku hiyo wangekwenda mwambani. Darasa likagawanyika, kelele zikapanda, mpaka msichana mmoja wa nyuma akanyanyuka, akapita katikati ya madawati na kusimama mbele ya shuka, buluu ya bahari ikiwa imemwangukia kwenye shati lake jeupe. Aliweka kiganja juu ya jua, kiganja kingine juu ya mwezi, akasema, “Madam, huyu anavuta huku na huyu anavuta huku. Haya ni maji mafu, tusisumbuke.” Mabishano hayo yalichukua muda mrefu kuliko video yenyewe, na sikuwa na haraka ya kuyakatisha.

Sauti ya video hiyo niliizima tangu mwanzo. Msimulizi alikuwa anazungumza Kiingereza cha kasi, na ingawa Jiografia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kuna umbali mkubwa kati ya Kiingereza cha kitabuni na cha mtu asiyepumua. Nilisimulia mwenyewe, kwa Kiingereza cha taratibu na kwa Kiswahili palipokwama. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye amefanya majaribio mengi kuhusu kujifunza kwa picha na maneno, ameonyesha kwamba picha ikifuatana na masimulizi ya sauti humfaa mwanafunzi kuliko picha, sauti na maandishi yale yale yakitokea kwa pamoja kwenye kioo, kwa sababu jicho haliwezi kusoma na kutazama kwa wakati mmoja. Kwa wanafunzi wanaojifunza kwa lugha ya kigeni ningeongeza kwamba istilahi chache zikiandikwa ubaoni kabla ya video kuanza zinawasaidia sana, mradi zibaki chache.

Mfano wa pili ulinifundisha jambo tofauti. Katika Historia ya Tanzania na Maadili, somo ambalo kwa bahati nzuri hufundishwa kwa Kiswahili, tulifika kwenye utawala wa Wajerumani, nami nikaona haiwezekani kufundisha kipindi hicho mkoani Lindi bila kutaja Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini magharibi ya mji. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, msafara wa wanasayansi wa Kijerumani wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig uliajiri mamia ya watu wa huku kuchimba mifupa ya dinosaria, na zaidi ya tani 200 zikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini kwenda Ulaya. Mkubwa wao alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, kichwa chake kikiwa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni, na yuko huko hadi leo. Msimamizi wa wachimbaji wenyeji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Hakuna mwalimu wa Lindi anayeweza kuwapeleka wanafunzi wake Berlin, kwa hiyo nilidhani hapa picha inajitetea yenyewe. Ilipotokea kwenye shuka, mvulana wa dawati la mbele aliitazama, akanitazama mimi, akasema, “Madam, mbona ni mfupi kuliko wewe?” Darasa lilicheka, lakini hakuna aliyeweza kumkosoa, maana juu ya shuka lile dinosaria hakufika begani mwangu. Picha humpunguza tembo na kumkuza chawa mpaka wakalingana, na mtoto ambaye hajamwona mnyama huyo hana namna ya kurudisha vipimo mahali pake. Nilizima projekta, tukatoka nje na kamba ya katani iliyopimwa mita 13, tukailaza uwanjani kuanzia shina la mwembe. Kisha tukasimamisha kijiti cha mita moja, tukapima kivuli chake na kivuli cha mnazi ulio karibu na jiko la shule, tukapiga hesabu ya uwiano. Mnazi ulitoka mfupi kuliko dinosaria. Yule mvulana alisimama chini ya mnazi akiangalia makuti kwa muda, halafu akauliza huyo mnyama alikuwa anashiba kwa kula nini.

Tuliporudi ndani nilionyesha picha moja ya zamani ya wapagazi wakiwa na mizigo ya mifupa, picha mnato isiyo na sauti wala mwendo, na hiyo ndiyo iliyowashughulisha kuliko zote. Waliuliza kama wale watu walilipwa, walilala wapi njiani, na nani aliwapikia. Mmoja alitaka kujua kwa nini maelezo ya chini ya picha hayakutaja jina la yeyote kati yao. Sikuona sababu ya kubonyeza kwenda picha inayofuata.

Nadhani uzito ninaoupa usimamishaji unatokana na mwaka 2020. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya UVIKO-19 nilikuwa mwanafunzi, nikiwa kwa bibi yangu Newala, na vipindi vya masomo vikawa vinarushwa kwa redio na luninga mpaka wanafunzi wengi waliporejea shuleni tarehe 29 Juni. Mwalimu wa redioni alikuwa hodari, mwenye sauti nzuri na mpangilio safi, ila hakuwa na njia ya kujua kwamba nimeachwa nyuma. Kilichoniokoa ni bibi, ambaye kila kipindi kilipokwisha aliuliza, “Amesema nini huyo?” na mimi nikalazimika kumweleza kwa maneno ya kwetu, nikigundua katikati ya maelezo ni wapi sijaelewa.

Wazee wetu wa elimu ya watu wazima walilijua hilo mapema. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio kwa nchi nzima, lakini haikumwacha mtu peke yake na redio yake: watu walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu, na kipindi kikimalizika walijadiliana, kisha wakaamua la kufanya kijijini, kama kuchimba vyoo au kusafisha mazingira ya visima. Teknolojia ilikuwa duni kuliko simu niliyonayo mfukoni, na mpango wa matumizi yake ulikuwa bora kuliko mingi niliyoiona.

Tathmini ya walimu wanafunzi bado haijafika huko. Nimeshuhudia mwenzangu akisifiwa kwa video iliyokwenda sehemu kubwa ya kipindi bila swali hata moja, na mwingine, aliyeingia darasani na majani ya mkoko na udongo wenye chumvi, akiambiwa kwamba somo lake halikuwa na TEHAMA. Fomu huuliza kama zana ipo; ingefaa iulize pia ilisimama wapi na wanafunzi walisema nini iliposimama.

Kwa awamu ya pili, katika shule ile ile, nimeamua kuiacha projekta kabatini na kujaribu vishikwambi, vile ambavyo serikali iliwagawia walimu baada ya kutumika katika Sensa ya Agosti 2022. Ofisini vinatumika zaidi kusomea vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, kazi ambayo vinaifanya vizuri. Kishikwambi hakihitaji shuka wala kanga dirishani, na wanafunzi sita wakikizunguka wanaweza kuisimamisha video wenyewe pale walipotofautiana, badala ya kunisubiri mimi. Video itahamishwa kwa Bluetooth ili bando lisihusike, na kila kikundi kitapewa swali lake kwenye kipande cha karatasi kabla ya kuiona picha ya kwanza. Walimu kadhaa wamekubali kuniazima, akiwemo mwalimu mlezi wangu, ambaye ametoa sharti moja tu: kirudi kikiwa na chaji.