Idi niliyouza abaya bila kuvuka Namanga

Kabla ya Korona nilikuwa nafuata abaya Eastleigh, Nairobi, karibu kila msimu. Duka langu la Majengo, Dodoma, lilitegemea safari hizo.

Ramadhani ya 2020 ilinikuta na oda kama 40, wateja wameshatanguliza pesa. Tarehe 6 Mei Eastleigh ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Shoga yangu mmoja akanishikilia: "Nenda Namanga pale mpakani, kuna mtu ana mzigo ng'ambo, wataupitisha njia za panya." Ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Ukikamatwa unapoteza mzigo, na wakati ule ungeweza kurudi na ugonjwa kwa watoto. Njia za panya nilikataa, lakini nikaenda nikidhani tutakabidhiana kihalali.

Nilifika Jumapili tarehe 17. Jana yake Kenya ilikuwa imeufunga mpaka, yanapita malori ya mizigo tu, na madereva lazima wapimwe. Namanga niliyoizoea, ya kina mama wa Kimaasai wanaokuzonga na shanga, vijana wa kuchenji pesa, bodaboda, ilikuwa kimya. Mama ntilie ninayekula kwake kila safari alikuwa amepika sufuria moja ndogo, nayo haijaisha. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia.

Zilibaki siku saba Idi ifike. Usiku ule Arusha sikulala, na alfajiri nikapata wazo: abaya niliyovaa ilikuwa ya Eastleigh! Asubuhi nikanunua majora ya nida nyeusi, kitambaa cha abaya, na shanga za kudarizi, laki nane na ushee. Nilipofika nyumbani nikaifumua abaya yangu mshono kwa mshono, nikavilaza vipande juu ya karatasi za mifuko ya saruji, nikachora. Mabega ndiyo yalitusumbua mimi na mafundi. Ya kwanza ilivuta kwapani, tukagundua tumesahau nafasi ya mshono. Ukikopi nguo kwa kuifumua, pima kabla hujafumua, maana kitambaa kilichovaliwa kimeshalegea.

Mafundi wanne wa barazani walishona usiku na mchana, elfu sita kwa moja. Shule zilikuwa zimefungwa, sare hazishonwi, nao walikuwa wamekaa bila kazi. Pesa ambayo ningeiacha Nairobi ililala Majengo.

Jumamosi usiku nikakabidhi ya mwisho. Ile niliyoifumua fundi aliniunganishia, nikaenda nayo kuswali Idi.