Miche ya bure ya mikarafuu: chukua ile utakayoweza kuinywesha

Masika ikikaribia, swali la Pemba ni moja: miche ya Serikali imeshafika? Hutolewa bure vitaluni ili kuziba mapengo ya mikarafuu mikongwe inayokufa. Kwa nafasi ya futi 24 kwa 24, eka moja huingia miche 75 hivi, basi mwenye eka tatu hukimbilia kuandikisha 225. Hapo ndipo panapoharibika. Mche ni bure, maji ya kiangazi cha Januari na Februari si bure. Ukiupa kila mche lita tano, miche 200 ni lita 1,000 kwa mzunguko mmoja, yaani madumu 50 ya lita 20, na shamba liko juu ya kilima, kisima kiko bondeni. Bora thelathini iliyoshika kuliko mia mbili iliyobaki vijiti.

Kitaluni usichague kwa urefu. Mche wa futi moja, wenye shina gumu na majani ya kijani kibichi kilichoiva, unafaa kuliko mrefu mwembamba uliokulia gizani. Tazama chini ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche: mzizi mkuu uliojipinda kama mkia wa kinyonga urudishe hapo hapo. Mkarafuu wa namna hiyo huweza kwenda vizuri miaka kadhaa kisha upepo ukauangusha.

Shimo liwe futi mbili kila upande, udongo wa juu uwekwe mbali na wa chini. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi. Kiriba kipasuliwe kwa kisu, kisivutwe, maana udongo ukimwagika mizizi midogo hukatika na mche hunyauka hata mvua ikinyesha. Palipo na mteremko, jenga tuta la nusu duara upande wa chini lishike maji na udongo. Bondeni panapotuama maji usipande kabisa.

Kinachoua zaidi, kwa maoni yetu, ni jua. Mche umezoea banda la makuti, leo unautoa, kesho uko peupe: kwa siku chache majani hugeuka rangi ya kahawia kuanzia ncha, na watu husema mbegu mbovu. Chomeka makuti mawili matatu upande wa magharibi, na migomba iwe imeshatangulia kupandwa msimu mmoja kabla. Muhogo nao hutoa kivuli, lakini ukae futi tano mbali. Siku ya kuung'oa, jembe hukata mizizi ya mkarafuu na hakuna anayeona mpaka umekauka.

Matandazo ya majani makavu yaache nafasi ya shubiri moja kutoka shinani, la sivyo mchwa hupata njia. Na usichome magugu karibu, moto mdogo tu huua.

Mkongwe uliokufa nusu usiukate kwa haraka ya kupata nafasi. Kukata mkarafuu kunataka kibali, kwa hivyo anza kwa sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia yako, na bwana shamba.

Mche ukifa, uchimbue uone mizizi kabla ya kuomba mwengine: iliyooza ni maji mengi, iliyokauka ni kiu, iliyotafunwa ni mchwa. Pengo lijazwe vuli, ukishajua kilichoua wa kwanza.