Mshono wa Kijani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kabla ya Jumapili ile alikuwa hajawahi kukanyaga jumba la sanaa. Tulikuwa Copenhagen, baridi imekolea, nami nilitaka tuione pamoja picha niliyoijua vitabuni tu: ile Henri Matisse aliyomchora mkewe, Amélie, mwaka 1905. Wengi huiita "Mstari wa Kijani". Iko Statens Museum for Kunst, jumba la sanaa la taifa la Denmark.

Udogo wake ulinishangaza: sentimita 40 kwa 32 hivi, kama sinia ya chai. Lakini rangi zake! Nyuma ya mama yule hakuna chumba wala dirisha, ni vipande vya rangi vitupu: kijani upande mmoja, zambarau na chungwa upande wa pili. Nywele ni bonge la buluu linaloelekea weusi. Uso nusu umanjano, nusu waridi, na katikati, kutoka kwenye nywele kupitia puani, umeshuka mstari mnene wa kijani.

Nikaanza kueleza nilivyofundishwa. Kwamba wachoraji walizoea kukoleza weusi taratibu ili kupata kivuli, Matisse akaweka kijani mahali pake. Kwamba mwaka huohuo, kule Paris, mkosoaji Louis Vauxcelles aliwaita yeye na wenzake wanyama wa mwituni. Shangazi alikuwa ameinamia picha, miwani puani.

"Mwanangu, huu ni mshono."

"Ni kivuli, shangazi."

"Mshono. Vitambaa viwili havipatani, utaviungaje? Fumua hapa uone."

Akafumba jicho moja, akainua kidole akauziba mstari kwa mbali. Nami nikafanya hivyohivyo. Uso ukalala bapa, viraka viwili tu, pua haipo. Tukashusha vidole, pua ikasimama. Tulirudia mara tatu, nne. Nimesoma mengi kuhusu picha ile, na hakuna lililonionyesha kazi ya mstari huo kama kidole cha shangazi.

Jioni nilimketisha dirishani nimchore. Nje theluji, ndani taa: shavu moja lilipoa kwa ubuluu, la pili likawaka kama chungwa. Nikatafuta pale yalipokutana, juu ya pua yake. Siku zote hapo ningetia nyeusi. Nilitazama kwa muda mrefu. Palikuwa na zambarau.