Umesaini na dalali sebuleni kwako? Hesabu siku 14

Ndugu mnaouza nyumba Uingereza, hili linawahusu hasa. Dalali akija nyumbani mkasainiana hapo hapo, una siku 14 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu yoyote. Ni haki iliyomo kwenye kanuni za mikataba ya walaji za 2013. Hesabu inaanza kesho yake: ukisaini tarehe 1, mwisho ni tarehe 15. Mkataba mliosainiana ofisini kwake hauna haki hii.

Andika barua pepe fupi: jina lako, anwani ya nyumba, tarehe ya kusaini, na sentensi moja wazi kwamba unavunja mkataba. Kinachohesabika ni siku uliyotuma, si siku aliyoisoma. Tunza nakala.

Wengi wanaumia kwenye kile kisanduku cha kwenye fomu ya mkataba, cha kumwomba dalali aanze kazi mara moja. Ukikitia alama kisha ukavunja, anaweza kukudai malipo ya kazi aliyokwisha kufanya. Kama huna haraka, usikiguse. Na kama hakukueleza kabisa kuhusu haki hii, muda unaweza kurefuka hadi miezi 12 zaidi.

Siku 14 zikipita, unabanwa na mkataba wenyewe: muda wa upekee (ambao huruhusiwi kutumia dalali mwingine), notisi, na kamisheni. Kifungu kinachompa yeye peke yake haki ya kuuza ni kikali mno, maana hata ukimuuzia shemeji yako ndani ya muda huo, kamisheni unalipa. Mwombeni akifute kabla hamjashika kalamu.